Kiti cha Kushoto

Haya ni mazungumzo niliyoyatoa Tabora mbele ya wastaafu wa reli na vijana wanaojifunza kazi hiyo. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema, nikiondoa vikohozi na mahali nilipopotelewa na karatasi.

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo. Ninyi mliosimama mlangoni sogeeni, viti vya mbele viko wazi. Wastaafu wa reli hawaumi.

Barua ya mwaliko ilinitaka nizungumzie mabadiliko makubwa katika reli za Marekani. Nchi ile ni kubwa na reli zake zina karibu miaka mia mbili; tukianza mwanzo tutakesha. Nimechukua kipindi kimoja, pale vichwa vya mvuke vilipoondoka na vya dizeli vikaingia, kati ya 1934 na 1964. Na hata hapo sitagusa kichwa kizima. Nitazungumzia kiti kimoja kilichomo ndani yake.

Kwenye kichwa cha treni cha Marekani dereva hukaa kulia. Kushoto alikaa mchochea moto. Najua wazee wa hapa mlichoma mafuta mazito, kwa hiyo kazi yenu ilikuwa ya kufungua na kufunga koki tu. Naona mzee mmoja hapa mbele amekunja uso, basi niendelee haraka. Wenzenu wa Marekani wengi walichoma makaa ya mawe, na makaa yalitaka beleshi.

Makaa ya mawe hayarundikwi kama kuni za jikoni. Yanatandazwa. Beleshi linaingia mlangoni mwa tanuru, kiganja kinageuka ghafla, makaa yanasambaa: kona za nyuma kwanza, halafu pembeni, katikati kidogo. Moto mzuri ni mwembamba na mweupe. Ule moshi mweusi mzito tunaoupenda kwenye picha za kale, mchochea moto akiuona anajua kuna makaa yanapotea bure, na dereva anamtupia jicho. Mikono ikiwa kwenye beleshi, macho yako kwenye kioo cha maji. Juu ya tanuru, ndani ya boila, kuna bati ambalo lazima lifunikwe na maji muda wote. Maji yakishuka yakaliacha wazi, bati linalainika kwa joto na boila linapasuka. Waliokuwemo hawarudi kusimulia. Na haya yote yanafanywa umesimama juu ya sakafu inayoyumba, uso unaungua kwa tanuru na mgongo unapigwa na upepo wa baridi.

Marehemu baba yangu alikuwa fundi wa maboila. Mama alikuwa hamruhusu kukaa kitandani kabla hajaoga mara mbili. Kwa hiyo mkinisikia leo nasifu mvuke, mjue nasifu kwa mbali.

Huko Kusini mwa Marekani, majimbo kama Alabama, Georgia na Mississippi, kiti hicho cha kushoto kwa muda mrefu kilikaliwa na watu weusi. Kwenye baadhi ya kampuni wao ndio walikuwa wengi. Sababu haikuwa wema wa mtu. Kazi ilikuwa ya moto, majivu na jasho, na mtu mweusi alilipwa kidogo. Hapa kuna jambo ambalo vijana naomba mlishike, kwa sababu kila kitu kitakachofuata kinaning'inia juu yake. Mchochea moto mweupe alikuwa mwanafunzi: akikaa kushoto miaka kadhaa, anahamia kulia, anakuwa dereva. Mchochea moto mweusi hakuhamia popote. Alianza kushoto, akazeekea kushoto. Mikataba ya baadaye ilikuwa na jina lake la adabu kwa watu kama hao: wasiopandishika. Hawakuandika rangi. Waliandika wasiopandishika, na kila mtu akajua ni nani.

Wazee mnatikisa vichwa. Ndiyo, na kwetu enzi za mkoloni ngazi za reli zilipangwa kwa rangi, mnazikumbuka vizuri kuliko mimi.

Lakini kukaa sehemu moja maisha yote kulizaa kitu ambacho wakubwa hawakukitarajia. Kwenye reli za Marekani safari nzuri hugawiwa kwa ukongwe kazini. Aliyeajiriwa mapema ndiye anayechagua kwanza. Sasa mtu asiyepanda daraja anakaa kwenye orodha ileile miaka ishirini, thelathini, na jina lake linapanda polepole hadi juu kabisa. Ikatokea kwamba watu weusi wasiopandishika ndio wenye haki ya kuchagua treni za abiria: zenye saa chache, malipo mazuri na kurudi nyumbani mapema. Kwa muda kidogo hilo lilivumilika, kwa kuwa hata kwenye treni ya abiria beleshi ni beleshi.

Halafu dizeli ikaja.

Tarehe 26 Mei 1934 treni fupi ya chuma kisichoshika kutu, jina lake Zephyr, mali ya kampuni ya Burlington, iliondoka Denver alfajiri na kuingia Chicago jioni ya siku ileile. Ni maili 1,015, kama kilomita 1,630, na ilitumia saa 13 na dakika 5 bila kusimama. Mle ndani walimpakia na punda mdogo. Simfanyii mtu mzaha. Alikuwa zawadi ya kuonyeshwa, na magazeti yalimpenda. Treni ya mvuke isingeweza safari hiyo kwa mkupuo mmoja. Siyo kwa kukosa mbio, mbio ilikuwa nazo. Ni kiu. Kichwa cha mvuke hunywa maji kama ngamia aliyerudi safari, na kila baada ya masafa fulani lazima kisimame kwenye mnara.

Zephyr ilikuwa ya maonyesho. Kilichoumaliza mvuke kilitoka kiwandani 1939, kazi ya Electro-Motive, tawi la General Motors, watu wa magari. Kilikuwa kichwa cha mizigo cha vipande vinne vilivyofungwa pamoja, nguvu farasi 5,400. Wakakizungusha miezi kumi na moja kwenye kampuni 20 za reli, majimbo 35, maili 83,764. Walikuwa kama mchuuzi wa vyombo anayepita nyumba kwa nyumba: chukueni, pikieni, msipopenda rudisheni. Kampuni ya Santa Fe ndiyo iliyokimbilia mwanzo kununua, na ukijua njia yake utaelewa. Ilipita katika jangwa la Arizona na kusini mwa California, ambako maji ya kunywesha vichwa vya mvuke yalibidi yasafirishwe kwa mabehewa ya matangi. Yaani treni ya kupeleka maji ili treni nyingine ipite.

Kwa vijana: kichwa cha dizeli hakizungushi magurudumu kwa injini moja kwa moja. Injini inazungusha jenereta, jenereta inatoa umeme, umeme unakwenda kwenye mota zilizo kwenye ekseli. Ukihitaji nguvu zaidi unaunganisha vichwa viwili, vitatu, vinne kwa waya, na dereva mmoja aliye mbele anaviendesha vyote. Vichwa vinne vya mvuke vilihitaji madereva wanne na wachochea moto wanne. Pigeni hesabu wenyewe. Ongezeeni kwamba kichwa cha mvuke kilibidi kipumzishwe, kizolewe majivu, kioshwe boila, huku cha dizeli kikijazwa mafuta na kugeuza. Vipuri navyo vinafanana. Kinachotoshea kichwa hiki kinatoshea na kile. Kwenye mvuke, kila kampuni ilikuwa na vichwa vya kwake na mafundi wake waliojua mikoromo yake.

Sasa tazameni kile kiti cha kushoto. Beleshi halipo. Majivu hayapo. Kuna dirisha la kioo, mto wa kukalia, na koti linabaki safi hadi mwisho wa safari. Vyama vya wafanyakazi vilikuwa vimeshapata makubaliano mwaka 1937 kwamba vichwa vya dizeli vinavyozidi uzito fulani navyo vitakuwa na mchochea moto. Moto haupo, mchochea moto yupo, na mshahara upo.

Kazi ikasafika, na iliposafika ikatafutiwa wenyewe.

Dalili zilikuwepo mapema. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, ajira ilipokauka kwa mdororo wa uchumi, wachochea moto weusi kadhaa wa Mississippi waliviziwa na kupigwa risasi wakiwa kazini, ili nafasi zao zibaki wazi. Ndugu zangu, sitapita haraka hapo. Mtu yuko kushoto, tanuru limefunguka, mwanga wa moto unamwonyesha wazi katika giza, na aliyejificha kando ya njia anasubiri mwanga huohuo.

Baada ya risasi ikaja kalamu. Machi 1940 chama cha wachochea moto, Brotherhood of Locomotive Firemen and Enginemen, ambacho katiba yake ilikataza mtu mweusi kujiunga, kilipeleka taarifa kwa kampuni 21 za reli za kusini-mashariki. Kilitaka mikataba ibadilishwe ili mwisho wa yote wachochea moto weusi watoke kabisa. Tarehe 18 Februari 1941 wakakubaliana kwa kuanzia: wasiopandishika wasizidi nusu katika kila aina ya kazi, na hadi hapo patakapofikiwa, kila nafasi itakayokuwa wazi apewe mweupe. Na chama hichohicho ndicho kilichokuwa, kwa mujibu wa sheria ya kazi ya reli, msemaji pekee wa wachochea moto wote, weusi wakiwemo. Wakili wako ndiye anayekushtaki.

Bester William Steele alikuwa mchochea moto wa kampuni ya Louisville & Nashville huko Alabama. Alikuwa kwenye kundi la treni za abiria lenye watu sita, watano weusi na mmoja mweupe. Aprili 1941 safari za kundi zikapunguzwa kidogo, na hiyo ikawa sababu ya kutangaza nafasi zote wazi. Zilipojazwa upya, weusi wote walikuwa nje na ndani walikuwepo weupe wanne, kila mmoja mdogo kazini kuliko Steele. Alikaa siku 16 bila kazi. Akapewa treni ya mizigo inayosimama kila kituo: saa nyingi, malipo kidogo. Huko nako akaja mdogo wake kazini akamwondoa, akashushwa kwenye kichwa cha shanti, kile cha kupanga mabehewa yadi, kazi ngumu zaidi na malipo madogo zaidi. Akafungua kesi. Januari 1942, kesi ikiwa imeshafika mezani, akarudishwa kimyakimya kwenye treni za abiria. Mtu mwingine angesema alhamdulillahi na kuichukua. Steele hakuifuta kesi.

Wakili wake alikuwa Charles Hamilton Houston, aliyewahi kuongoza chuo cha sheria cha Howard na kumfundisha Thurgood Marshall, ambaye baadaye alikuwa jaji mweusi wa kwanza wa Mahakama ya Juu. Houston anakumbukwa zaidi kwa kesi za kupinga ubaguzi wa rangi shuleni. Mimi namkumbuka kwa reli, na naona hapo alifanya kazi ngumu zaidi, maana hakuwa anapambana na serikali peke yake. Alikuwa anapambana na chama cha wafanyakazi, na mwaka ule kukisema vibaya chama cha wafanyakazi mbele ya majaji wapenda maendeleo halikuwa jambo jepesi. Hoja yake ilikuwa fupi. Ikiwa sheria imekupa wewe chama haki ya kumsemea mtu asiyeweza kukukataa, basi umefungwa kumsemea kwa haki. Tarehe 18 Desemba 1944 Mahakama ya Juu ilikubali, Jaji Mkuu Harlan Stone akiandika hukumu. Hadi leo wajibu huo wa chama kumwakilisha kila mtu kwa haki unawalinda wafanyakazi wa kila rangi Marekani, na wengi wao hawajui kwamba ulitoka kwenye kiti cha mchochea moto wa Alabama.

Lakini mahakama haikukilazimisha chama kumpokea Steele kuwa mwanachama. Akilindwa, bado alikuwa nje ya mlango. Na kampuni nyingi za Kusini zilikuwa hazina haja ya kumfukuza mtu tena. Ziliacha tu kuajiri wachochea moto weusi wapya, na waliokuwepo wakawa wanazeeka mmoja mmoja.

Vita vilipokwisha, dizeli ikashuka kama mafuriko. Marekani ilikuwa na zaidi ya vichwa 35,000 vya mvuke. Kufikia 1960 vilikuwa karibu vyote vimekatwa vyuma chakavu. Viwanda vilivyovijenga vilikwenda navyo. Baldwin ya Pennsylvania, iliyounda zaidi ya vichwa 70,000 tangu enzi za Rais Jackson, miaka ya 1830, iliacha 1956. Miji iliyoishi kwa kunywesha treni ikakaukiwa. Caliente, Nevada, ni mji wa jangwani uliokuwa kituo cha kubadilishia vichwa na wafanyakazi wa Union Pacific. Dizeli haikuwa na sababu ya kusimama pale, kituo kikahamishiwa Las Vegas. Stesheni yake kubwa ya mwaka 1923 ingali imesimama, nzuri kweli, na leo ina ofisi za mji.

Kampuni moja ilikataa katakata, Norfolk and Western ya Virginia. Ilibeba makaa ya mawe, ikachoma makaa ya mawe, na vichwa ilijitengenezea katika karakana yake Roanoke. Cha mwisho kilitoka Desemba 1953. Huwa nawapenda wabishi wa namna hii. Lakini mwaka 1958 Stuart Saunders akawa rais wa kampuni, akapiga hesabu, na 1960 moto wa mwisho ukazimwa.

Wakati huo ubishi wa kile kiti ulikuwa umegeuka. Kampuni zilianza kuuliza, huyu wa kushoto tunamlipa kwa kazi gani? Zikachapisha matangazo magazetini kumwita mtu anayelipwa kwa kusinzia. Vyama vikajibu: anatazama upande ambao dereva haoni, na dereva akizirai nani atasimamisha treni? Mkiniuliza, wote walikuwa na ukweli kidogo, na wote walikuwa wanaficha kidogo. Kanuni za malipo zilihesabu maili 100 za treni ya mizigo kuwa siku nzima ya kazi, na dizeli ilizimaliza kabla ya chakula cha mchana. Hilo vyama havikulitangaza sana. Kampuni nazo hazikutangaza kwamba zilichokuwa zinakikimbia hasa ni malori na barabara kuu mpya, na mchochea moto ndiye aliyekuwa karibu wa kukabwa.

Ikafika Jumatano, tarehe 28 Agosti 1963. Mgomo wa reli nchi nzima ulitakiwa uanze usiku ule. Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuupeleka ubishi kwa wasuluhishi kwa lazima, jambo ambalo halikuwahi kufanywa wakati wa amani, na Rais Kennedy akaitia saini siku hiyohiyo. Novemba wasuluhishi walitoa uamuzi: asilimia 90 ya nafasi za wachochea moto kwenye treni za mizigo na yadi ziondolewe, wakongwe wakibaki hadi wastaafu, wageni wa kazi wakipewa mkono wa kwaheri.

Ninyi vijana mnaijua tarehe hiyo kwa sababu nyingine. Ni siku ya maandamano ya Washington, watu kama robo milioni mbele ya sanamu ya Lincoln, Martin Luther King na hotuba yake. Aliyefungua shughuli alikuwa mzee wa miaka 74, A. Philip Randolph, mtu wa reli. Chama chake cha wahudumu weusi wa mabehewa ya kulala kilianzishwa 1925, kikapata mkataba na kampuni ya Pullman 1937. Na mwaka 1941, wakati Steele anashushwa kwenye shanti, ni Randolph huyohuyo aliyeunda kamati ya kuwaunganisha wachochea moto weusi. Kwa hiyo mzee yule amesimama jukwaani anadai kazi na uhuru, na mji uleule, siku ileile, kiti ambacho watu wake walipigwa risasi kwa ajili yake, wakashtakiana hadi Mahakama ya Juu kwa ajili yake, kinaanza kufutwa. Maandamano yalipokwisha, viongozi wake wakaenda Ikulu kumwona Kennedy, yuleyule aliyeitia saini sheria ya reli siku ile.

Sijui Randolph alipoambiwa alisema nini, na sitamtilia maneno mdomoni.

Nilikuwa nimeandika hapa sehemu ya treni yetu ya umeme kutoka Dar, lakini vijana mnaiendea ninyi wenyewe, na muda umekwenda. Nimemwona huyu mzee wa safu ya kwanza ananyoosha mkono tangu niliposema wa mafuta mazito kazi yao ilikuwa koki tu. Mzee wangu, nisamehe. Mpeni kipaza sauti.